Nimekuta komeo liko nje ya mlango wa bibi, nianzie wapi?

Mjukuu wa Tukuyu: Habari wakuu. Juzi nilienda Tukuyu kumsalimia bibi mzaa mama, ana miaka 80 na ushee, tangu nirudi Dar sijalala vizuri. Nafika saa nne asubuhi nakuta chumba chake komeo liko kwa nje. Nafungua, bibi amekaa kwenye kigodoro hakina hata shuka, na baridi la Rungwe mnalijua, kajifunika kitenge tu, kucha ndefu mpaka zimeanza kujikunja. Blanketi nililomtumia mwezi wa sita naliona sebuleni limetandikwa kwenye kochi! Anaishi na mjomba na mkewe, wajukuu tunatuma 80,000 kila mwezi kwa simu ya mjomba. Nauliza naambiwa "tukimwachia anapotea, mwezi jana kaokotwa huko kwenye mashamba ya chai". Mama anasema ninyamaze nisimwaibishe kaka yake. Nifanyeje?

Mzee wa Uyole: Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, wanapokea na kesi za wazee. Aibu gani sasa, bibi wa watu anafungiwa kama kuku.

Mama Kilolo: Pole mdogo wangu ila nikwambie ukweli, mimi nimemuuguza mama mkwe miaka minne huku Kilolo. Usiku unaamka mara tatu, masika shuka hazikauki, halafu wa Dar wanakuja siku mbili wanakagua kama mabwana afya wanaondoka. Hiyo 80,000 toa chakula toa sabuni toa pampasi za watu wazima uone inabaki nini, na wewe umeuliza huyo mke wa mjomba analala saa ngapi? Kumfungia ni kosa, siku moto ukiwaka je? Na blanketi hapo simtetei mtu.

Nesi mstaafu: Kabla ya polisi mpelekeni hospitali. Kupotea njia sio uzee tu na wala sio uchawi, kuna ugonjwa wa kusahau, na kama kumemwanza ghafla inaweza kuwa UTI tu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inatibika. Sera ya wazee ya 2003 inasema mzee ni kuanzia miaka 60, na asiyejiweza anatibiwa bure hospitali za serikali, mjomba aanzie kwa mtendaji wa kijiji afuatilie msamaha. Halafu mwone afisa ustawi wa jamii pale halmashauri, yeye anaweza kukalisha familia kikao bila pingu.

Mzee wa Uyole: Kikao huku komeo limefungwa? Haya.

Mjukuu wa Tukuyu: Asanteni. Mama Kilolo umenichoma lakini sawa. Nimempigia mke wa mjomba leo, sikufoka, anasema bibi mchana huwa anakaa kwenye lile kochi ndio maana blanketi liko pale. Sijui niamini au vipi. Komeo kasema atalitoa nikipata wa kumsaidia kumwangalia mchana, nimeshaongea na binamu yangu yupo Kiwira hana kazi. Ijumaa napanda basi, nimenunua shuka mbili na kikata kucha.