Kaka yangu mwalimu wa jiografia anakuja kuona Ruhr: migodi ya zamani, misitu, nimpeleke wapi?

BintiKisauni:
Hamjambo humu. Nawaomba ushauri nyinyi mnaokaa huku Ujerumani pande za Dortmund, Essen, Bochum mpaka Duisburg. Mwezi wa saba kaka yangu anakuja kutoka Mombasa na mkewe, watoto wawili na mama yetu. Kila ninaemuuliza ananiambia wapeleke Köln, wapeleke Amsterdam, wapandishe treni ya Paris. Sawa Köln tutafika, ila kaka ni mwalimu wa jiografia na miaka yote hii anafundisha Form Four habari za Ruhr, chuma na makaa ya mawe, ramani anaichora ubaoni kwa chaki bila kufungua kitabu, mto Rhine huku, mto Ruhr huku, mto Lippe kule juu, na hajawahi kupaona. Nataka apaone kwa macho yake. Mi naishi Dortmund lakini ni kazi na nyumba, nyumba na kazi, sijui hata pa kuanzia. Watoto wanataka kukimbia nje sio kusimamishwa mbele ya vioo vya makumbusho, mama anapenda miti na maji na goti lamsumbua. Bajeti ni ya kawaida. Kuna cha maana hapa ama tuende tu mbali?

MzeeWaAltenessen:
Dada usiwatoe hapa kabla hawajaona. Kwanza mwambie mwalimu mapema, chuma bado chayeyushwa Duisburg lakini kuchimba makaa kumekwisha. Mgodi wa mwisho wa Ruhr, Prosper-Haniel pale Bottrop, ulifungwa tarehe 21 Desemba 2018, wachimbaji wakamkabidhi rais Steinmeier kipande cha mwisho mkononi. Mwaka 1957 migodi ya makaa ya mawe Ujerumani Magharibi ilikuwa na watu kama laki 6, hebu fikiria, alafu mafuta na makaa ya bei rahisi kutoka nje yakaingia sokoni na kuanzia 1958 migodi ikawa inafungwa mmoja baada ya mwingine.

Sasa mahali. Anza na mgodi wa zamani wa Zollverein hapa Essen, tramu 107 kutoka stesheni kuu inakushusha mlangoni. Ule mnara wake wa chuma wa kushushia watu na kupandishia makaa una mita 55, wasanifu wake ni Schupp na Kremmer, ulianza kazi 1932 na siku moja ulikuwa unaweza kutoa tani 12,000. Mgodi ukafungwa 1986, na tangu 2001 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kutembea eneo lote ni bure, unalipa ukiingia makumbusho tu, na makumbusho yenyewe (Ruhr Museum) yako ndani ya jengo walilokuwa wakioshea makaa, unapanda kwa eskaleta ndefu ya rangi ya machungwa kwa hivo goti la mama halina shida hapo. Lakini nikwambie ninachokipenda mimi, ni huko nyuma kwenye reli za zamani. Katikati ya mataruma imeota ile miti ya magome meupe, hamna aliyeipanda, ilijileta yenyewe na upepo ikakuta ardhi nyeusi imeachwa, leo ni msitu na ndege wamejaa. Mkalishe mama hapo kwenye benchi, atafurahi.

Ya pili ni Landschaftspark kule Duisburg. Hicho kilikuwa kiwanda cha chuma cha Meiderich, kikafungwa 1985, na badala ya kukibomoa wakampa kazi Peter Latz akakifanya bustani, matanuru na mabomba yote yakabaki pale pale. Ni bure na ni wazi saa 24. Tanuru namba 5 unalipanda kwa ngazi mpaka juu kama mita 70, kwenye kuta za maghala ya mawe ya chuma watu wanafanya mazoezi ya kukwea kwa kamba, na tangi la gesi limejazwa maji watu wanapiga mbizi ndani. Watoto wa kaka yako hawatataka kutoka. Kama hamjachoka subirini giza, mitambo huwashwa taa za rangi, ila angalieni kwanza siku zake.

TembeaUone_Witten:
Mzee nakuheshimu ila kwa mwalimu wa jiografia mi nisingeanzia Essen, ningeanzia hapa kwetu Witten, bonde la Muttental, na kutoka Dortmund ni karibu zaidi. Sababu ni hii: huku kusini kando ya mto Ruhr makaa yalikuwa yanachungulia juu ya ardhi kabisa, watu walichimba kwa sululu tu ubavuni mwa kilima. Alafu matabaka yanainama kwenda kaskazini, yanazama chini ya mawe mengine, ndo maana kila walivyosogea kaskazini mashimo yakawa marefu zaidi mpaka mita 1,000 na kupita. Kwa hivo ukianza Witten ukaenda Essen ukamalizia Bottrop unakuwa umetembea historia nzima kwa mpangilio wake, kusini ya zamani, kaskazini ya juzi juzi. Kitabu hakikuonyeshi hilo vizuri, miguu inakuonyesha.

Pale kuna Zeche Nachtigall (Zeche ni mgodi), mnavaa helmeti mnaingia na mtu wa kuwaongoza kwenye njia ya chini kwa chini, nyembamba, dari inatona maji, na ubavuni unauona mstari wenyewe wa makaa katikati ya jiwe, mweusi unameremeta ukipigwa na taa. Juu msituni njia ya miguu ina kama kilomita 9 lakini mnaweza kuikata katikati, mnapita vinywa vya mashimo madogo ya zamani vimefunikwa na majani, na ile nyumba ndogo ya sala ambapo wachimbaji walikuwa wakiomba dua kabla ya kuingia. Pale hata nyinyi mtasimama kidogo. Watu walikuwa wanaenda kazini hawajui kama watarudi.

Kasongo_Bochum:
Miye ni mutoto wa Lubumbashi, Katanga, Kongo, kwetu kule kilima cheusi cha mabaki ya shaba kiko katikati ya muji, kila mutu anakijua, ni alama yetu. Nilipofika huku nikaona vilima vyao vya kifusi vya mugodi (wanaita Halde) vimeota miti, watu wanapanda na baiskeli, nilifurahi sana na nikawaza sana pia. Mupeleke mwalimu Halde Hoheward, kati ya Herten na Recklinghausen, ni kifusi kitupu kilichotoka chini ya ardhi lakini ukifika juu ni upepo na nyasi na matao mawili makubwa ya chuma, na Ruhr yote unaiona. Kwa watoto kuna daraja lenye umbo la joka jekundu la kupandia.

Na jambo moja mwalimu alijue. Ardhi hapa imeshuka kwa sababu ya kuchimba, sehemu zingine mita 20 na zaidi. Maji hayana pa kwenda, kwa hiyo pampu zinafanya kazi usiku na mchana na zitafanya milele, pampu zikizimwa mitaa inageuka ziwa. Kuna mfuko maalum wa pesa ulianzishwa 2007 kulipia hayo. Kwetu Katanga tungetaka sana kitu kama hicho, kampuni ichimbe lakini iache pesa ya kutunza shimo. Akawafundishe hilo wanafunzi wake.

BintiKisauni:
Mashallah, mbona mmenifungua macho hivi. Hilo la kutoka kusini kwenda kaskazini nimeshamtumia kaka, amenijibu usiku huo huo. Sasa nisaidieni mawili: hapa hapa Dortmund kuna pa mama kutembea taratibu kando ya maji? Na nauli, watu watano wageni, mi nna Deutschlandticket yangu (ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima).

HördeKwetu:
Dada, mama mlete Hörde, Phoenix See. Njia ni tambarare ya lami kuzunguka ziwa, benchi kila mahali. Hapo ulipo maji palikuwa na kiwanda cha chuma cha Phoenix, kilipofungwa Wachina wakakifungua vipande vipande wakakipakia wakaenda nacho, pakachimbwa shimo, likaanza kujazwa maji Oktoba 2010. Wameacha chungu kimoja kikubwa cha kusafishia chuma kilichoyeyuka kando ya ziwa, mpige mama picha nacho muone alivyo mdogo.

Alafu pembeni ya ziwa unapita mto Emscher, mwonyesheni kaka. Zaidi ya miaka 100 huo ulikuwa mfereji wa maji taka wa wazi, unanuka, umezungushiwa uzio. Sio kwamba hawakutaka kuzika mabomba, ardhi ilikuwa inashuka kila siku kwa ajili ya migodi, bomba likizikwa linapasuka. Migodi ilipokwisha ndo wakaweza. Kazi ilianza 1992, wamechimba bomba kuu la kilomita 51, imegharimu zaidi ya yuro bilioni 5, na mwisho wa 2021 maji taka yakaacha kabisa kuingia mtoni. Saivi kuna samaki na mdiria wamerudi, mi mwenyewe nimemuona mdiria akichupa majini. Nimeishi hapa toka enzi za harufu, kwa hivo kila nikipita hapo nasimama.

Nauli chukueni tiketi ya VRR (shirika la usafiri la huku) ya saa 24 ya kikundi, inabeba mpaka watu 5, wewe panda na yako. Mgodi wa zamani wa Zollern nao msiuache, uko Bövinghausen hapa Dortmund, ule ukumbi wa mashine wenye vioo vya rangi na swichi za umeme kwenye ubao wa marumaru ni mzuri kama msikiti, walitaka kuubomoa 1969 watu wakakataa. Ila Zollern na Nachtigall zinafungwa Jumatatu, hiyo siku wekeni ziwa ama Landschaftspark.