Tupeane uzoefu: umakini unapokukimbia, ni ADHD, ni bipola, au ni vyote viwili?

Ndugu zangu, uzi huu ni wa watu wazima wanaoishi na ADHD (hali inayoanza utotoni, ya umakini kuyumba na kutotulia), wanaoishi na bipola (ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno kwa vipindi), na walioambiwa kwamba wanavyo vyote viwili. Kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja hutokea katika hali zote mbili, na ndiyo sababu baadhi yetu tumetibiwa kwa muda mrefu maradhi yasiyo yetu. Naomba kila mmoja aeleze tatizo lake lilianza lini na limekuwa likienda vipi, kwa maana naamini mwenendo wa miaka hueleza mengi kuliko dalili za siku moja.

Naanza mimi, mwenye ADHD. Tangu darasa la kwanza ripoti zangu ziliandikwa kwamba nina akili lakini situlii, na sikumbuki kipindi chochote ambacho hali hiyo iliniacha. Nikiwa na barua ya kujibu, naandika "Ndugu" na mkato, nakumbuka chai niliyoiacha jikoni, nainuka, simu inaita njiani, na jioni naikuta barua ikiwa na neno lilelile moja. Ajabu ni kwamba kazi inayonivutia naweza kuikalia hadi nikasahau kula. Daktari alinieleza kwamba mitandao ya sehemu ya mbele ya ubongo, inayotegemea kemikali za ubongo ziitwazo dopamini na noradrenalini, haidhibiti umakini inavyopasa, na kwamba mtandao unaofanya kazi mtu anapozama katika mawazo yake hautulii vya kutosha kazi inapoanza. Utafiti wa picha za ubongo uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la watoto wenye ADHD hufikia unene wake wa juu wakiwa na miaka 10 na nusu hivi, ilhali kwa wenzao ni miaka 7 na nusu.

Mchangiaji mwenye bipola:
Ahsante mleta mada. Mimi nilikuwa mtoto mtulivu mno, na hakuna mwalimu aliyewahi kunilalamikia. Yalianza baada ya kumaliza masomo, tena kwa vipindi. Mania, yaani kipindi cha msisimko uliopita kiasi, inapopanda, nalala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka nikiwa na nguvu tele. Mawazo yanafukuzana na kila sauti naiona ina uzito, hata ya feni. Sonona ikifuata, nausoma ukurasa uleule tena na tena bila kuambulia kitu. Nikiwa katika nafuu umakini hurudi, ingawa si wote, na hili watu wa karibu hawalielewi, kwani huniona nimepona. Natumia lithiamu, dawa ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 kuhusu uwezo wake wa kutuliza mania. Inahitaji nidhamu, kwa sababu kiwango chake katika damu hupimwa mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya thairoidi.

Mchangiaji mwenye vyote viwili:
Kwangu ADHD ilionekana kwanza, nikapewa dawa ya kuchangamsha ubongo bila mtu kuuliza kuhusu misimu yangu ya kukesha. Hazikupita siku nyingi nikawa nazungumza bila kituo na kutumia akiba yote. Daktari wa sasa alituliza hisia kwanza kwa dawa ya bipola, ndipo akairudisha ile nyingine kidogo kidogo. Kilichomsaidia zaidi ni daftari ambamo dada yangu alikuwa akiandika saa ninazolala. Mwenye ADHD akikosa usingizi huamka amechoka. Mimi katika mania sikuchoka kabisa.

Mchangiaji, mzazi:
Je, picha ya ubongo haiwezi kumaliza ubishi huu?

Mleta mada:
Hapana, ndugu yangu. Tofauti zinazoripotiwa ni wastani wa makundi ya watu, na ubongo wa mtu mmoja mwenye ADHD unaweza kuonekana sawa kabisa na wa asiye nayo. Usilipie kipimo hicho kwa kusudi hilo. Mpelekee daktari wa magonjwa ya akili ripoti za zamani za shule, kwa kuwa vigezo vya ADHD hutaka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na ufuatane na mtu anayemfahamu mwanao kwa miaka mingi.