Tathmini ya vihatarishi katika mahandaki ya barabara: iamue, au ishauri tu?

Mwanafunzi wa Tunguu:
Assalamu alaykum wanajukwaa. Nasoma uhandisi wa ujenzi hapa Unguja, ambako handaki la barabara hatuna hata moja, lakini mada hii imo katika masomo yetu na imenitatiza. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2004 linataka mahandaki mapya yanayopitisha zaidi ya magari 2,000 kwa siku katika kila njia yawe na milango ya dharura isiyoachana kwa zaidi ya mita 500. Agizo hilohilo linaruhusu hatua mbadala pale ambapo sharti la kimuundo haliwezekani au gharama yake imepindukia, alimradi tathmini ya vihatarishi ithibitishe kwamba usalama haupungui. Je, huo si mwanya wa kubana matumizi?

Fundi Mkoani:
Waalaykum salaam, mdogo wangu. Mwanya upo, lakini kanuni peke yake nayo haitoshi. Tazama Mont Blanc, Machi 1999: lori lililobeba unga na majarini liliwaka moto ndani ya handaki la kilomita 11.6 lenye magari ya pande zote mbili, wakafa watu 39, wengi wao wakiwa bado ndani ya magari yao. Vyumba vya kujihifadhi vilikuwepo. Mkaguzi mwenye orodha angeviwekea alama ya tiki na kwenda zake. Vilijengwa vihimili moto kwa saa chache tu, nao moto ukaendelea zaidi ya siku mbili, huku hewa iliyopulizwa kutoka upande wa Italia ikiusukuma moshi upande wa Ufaransa. Tathmini ingeuliza moshi unakwenda wapi, nani yuko huko, na ana dakika ngapi za kutoka.

Bi Mtambwe:
Nakubaliana na kaka, ila tusisahau hesabu. Ukigawa vifo kwa miaka, moto mkubwa huonekana mdogo mbele ya ajali za kila siku, na mtu wa fedha atasema pesa ziende kwenye taa na alama za barabarani. Sisi tuliomo visiwani tunajua kasoro ya wastani huo: tangu MV Spice Islander izame Septemba 2011 ikielekea Pemba, nani anayeipima safari ya bahari kwa wastani wa mwaka? Ndiyo maana wataalamu huchora mchoro unaoonesha tukio la kuua watu kumi au mia linatarajiwa mara ngapi, badala ya kutoa namba moja.

Fundi Mkoani:
Hapo Bi Mtambwe amegusa penyewe. Kuhusu mwanya, agizo linataka tathmini ifanywe na chombo kisicho chini ya meneja wa handaki, na mimi ningeongeza kwamba ifanywe kabla uamuzi haujapitishwa, maana ikija baadaye huwa ni muhuri tu. Handaki linalopendekezwa lilinganishwe na handaki la mfano lililotimiza masharti yote, kwa dhana zilezile. Kisha dhana hizo zitikiswe. Katika handaki la mwelekeo mmoja, feni zinazosukuma moshi mbele hufaa kwa sababu magari ya mbele yameshatoka. Pakiwa na foleni, moshi huohuo huwaangukia waliokwama. Ukibadilisha saa za foleni na jibu likageuka, basi jambo la kuamua kwanza ni namna ya kuzuia foleni isiingie ndani, kabla hujagusa idadi ya milango.