Watatu kwenye kipande kimoja cha kromosomu ya 7: niwaweke kundi moja?

MjukuuWaFunguni
Assalaam alaykum. Nipo Toronto, namtafuta baba yake bibi mzaa mama. Bibi alizaliwa Funguni, Unguja, akaambiwa tu kwamba babake alikuwa baharia wa jahazi, mtu wa Mukalla, Hadhramaut. Nimepima DNA na matokeo nimeyapandisha GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA za watu. Wamenitokea watu watatu, wote tunalingana kwenye kromosomu ya 7 (uzi mmojawapo wa DNA), kati ya herufi ya milioni 30 na ya 52: sentimorgani (kipimo cha urefu wa kipande) 21, 19 na 18. Wa kwanza ukoo wake ni Mukalla, basi wote nikawapaka kijani daftarini, upande wa baharia. Jana nimezungumza na wa tatu: kwao Ngazija tupu, hawajui Mhadhrami yeyote. Tangu jana sina raha. Nimekosea wapi?

Mzee wa Nasaba
Mwanangu, kila kromosomu unayo jozi, moja ya baba na moja ya mama, na orodha ile haikwambii mtu kalingana na ipi. Wawili wanaweza kukaa mahali pale pale kwako na wao kwa wao wasijuane kabisa. Chukua namba ya wa kwanza ya GEDmatch umlinganishe na wa tatu, kisha wa pili na wa tatu. Kundi ni pale wote wanapolingana wao kwa wao, kipande kile kile.

Bi Mkunazini
Na vipande vidogo usivikimbilie, dada. Koo zetu za pwani zimeoana mabinamu vizazi na vizazi, damu moja inakufikia kwa njia mbili tatu. Wengi huishia sentimorgani 7, mimi chini ya 15 sigusi. Mama yupo? Mpime, atakayelingana naye pale ni wa upande wa mama, ubishi umekwisha.

MjukuuWaFunguni
Shikamoo mzee. Nimelinganisha usiku huu huu. Wa kwanza na wa pili wanalingana, milioni 31 hadi 50. Wa tatu halingani pale na yeyote kati yao! Ndipo nikakumbuka: bibi yake baba alikuwa Mngazija. Wa tatu nimempaka buluu, upande wa baba. Mama amekubali kupima, ila ana miaka 78, mate hayatoki, kichupa hakijafika hata nusu ya mstari.

Bi Mkunazini
Asile wala asinywe nusu saa kabla. Msugue mashavu kwa nje, taratibu, na umkatie ndimu ainuse tu, asiilambe. Mama yangu tulikaa naye dakika ishirini, kikajaa.