Prosesa nimeikuta imefungwa kasi ya GHz 4.2 kwa mkono, niirudishe otomatiki au niiache?

mkata_video:
Wakuu habari za saa hizi. Mwezi uliopita nilichukua deskitopu ya mtumba, Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450, RAM 16, feni ni ile ndogo inayokuja na prosesa. Kazi yangu kukata video za harusi. Aliyeniuzia aliniambia ameshaikoroga inakimbia kuliko ya dukani, nikaona nimelamba dume. Kumbe kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mazabodi) kaifunga 4.2 na volti 1.4, haipandi haishuki. Kuperuzi freshi, gemu freshi, ila nikianza kurenda (kuitoa video iliyokatwa iwe faili kamili) feni inalia kama jenereta, joto linagonga nyuzi 93, ikifika dakika ya 18 hivi skrini ya bluu. Jana mara tatu, na bibi harusi anapiga simu kila baada ya nusu saa. Nataka niirudishe otomatiki ila nimeona watu wanasema otomatiki inapeleka volti hadi 1.45 hata ukifungua brauza tu, si ndo nitaiunguza kabisa?

fundi_solda:
Mkuu rudisha otomatiki leo hii. Hiyo 3600 ilivyotoka 2019 iliandikwa 3.6 mpaka 4.2, sasa hiyo 4.2 ni kilele cha kazi nyepesi, kori (vichwa vya kazi ndani ya prosesa) moja mbili zikikimbia, hakuna aliyekuahidi kori zote 6 zikae huko saa nzima. Jamaa kachukua kilele akakigeuza sakafu. Kuna prosesa zinavumilia na kuna zisizovumilia, ya kwako imeshakujibu kwa skrini ya bluu.

Kuhusu 1.45 usiogope, hilo linawachanganya wengi. Usiangalie volti peke yake, angalia na ampia. Ukiwa unaperuzi kori moja inashtuka sekunde kidogo inapewa volti kubwa lakini umeme unaopita ni mdogo, halafu inalala. Ukianza kurenda kori zote zinaamka na prosesa yenyewe inashusha volti. Ya kwako sasa hivi inakula 1.4 kori zote zikiwa zinachapa kazi, HAPO ndo pa kuogopa. Otomatiki pia ina breki, ikikaribia nyuzi 95 inapunguza mwendo, na umeme wa soketi inajiwekea mwisho wati 88.

gia_ya_pili:
fundi kamaliza. Kufunga kasi moja ni sawa na kupanda Kitonga na kuzunguka foleni ya Kariakoo kwa gia ileile, utafika lakini klachi uliza

printa_na_laminesheni:
Mi napingana kidogo, manuali si adui, adui ni namba aliyoiweka huyo muuzaji. Ofisini kwangu ni stationari, haina AC, bati juu, mchana ni oveni, nina 3600 kama hiyo. Nimeifunga 3.9 kwa volti 1.2 mwaka wa pili huu haijawahi kuniganda, feni haisikiki na kurenda haipishani sana na otomatiki. Nilichopoteza ni zile gemu zinazotegemea kori moja, nami gemu sichezi. Ila nisidanganye, kuipata hiyo 1.2 nilikesha wikiendi mbili, unashusha kidogo unaitesa saa mbili, ikizima unarudi nyuma. Na namba zangu usizikopi, kila kipande cha prosesa kina tabia yake hata kama jina ni moja. Kama huna muda huo weka otomatiki halafu tafuta kwenye BIOS ile Eko Modi, inaishusha toka daraja la wati 65 hadi 45, kwa joto letu hili inatosha.

fundi_solda:
@printa hapo tuko pamoja, wewe umeifunga chini, yeye kafungiwa juu.

RAM_mbili:
Msisahau kitu kimoja, ukirudisha BIOS mipangilio ya mwanzo RAM nayo inarudi, ya kwangu ilirudi kasi ya 2133 wakati ni za 3200, nikakaa wiki nzima nalalamika mashine nzito. Washa XMP tena, ule mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili. Na ikigoma kuwaka chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kwenye mazabodi dakika chache kisha rudisha.

mkata_video:
Mrejesho wakuu. Nimerudisha otomatiki, XMP nimewasha (asante RAM_mbili, kweli ilikuwa imedondoka 2133). Nikasema kabla ya kurenda nifungue kasha, lahaula, kati ya feni na hitisinki (lile bati la kutoa joto) kuna vumbi limeshikana kama blanketi, na pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka inabanduka kama gamba. Nimesafisha kwa brashi ya kupaka rangi nikaweka pesti mpya. Video ya harusi imemaliza kwa dakika 24 bila kuganda, joto la juu nimeona 79, kori zote zinacheza kwenye 3.9 na 4.0. Yaani ile 4.2 ya kujivunia ilikuwa haijawahi kunimalizia hata faili moja.

Eko Modi sijaiona, hii mazabodi imeficha wapi?

printa_na_laminesheni:
Ingia sehemu ya AMD Overclocking, ukubali lile onyo, iko humo. Kama haipo sasisha BIOS kwanza, ila usifanye umeme ukiwa wa kukatika-katika.