Mtani kanichezea bunduki siku ya mchujo, na bado anadai kreti lake la soda!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Niko jeshini, kikosi sikitaji msije mkaniponza. Timu ya shabaha huu ni mwaka wangu wa nne, na timu yetu bila madau haiendi. Anayeshika mkia mazoezini anaokota maganda ya risasi ya wote, anayekosa mita 300 ananunua supu. Hapo sina neno. Utani nao nimeuzoea. Mimi Mnyamwezi, mwenzangu Mzaramo, mnajua wenyewe hapo hakuna kununa. Kanitilia chumvi kwenye chai, kanishona mikono ya gwanda, nikanyamaza. Na mimi nimemfanyia yangu (ule upupu kwenye soksi siujutii hata kidogo).

Mwezi uliopita akaficha ganda moja. Risasi zinatoka ghalani kwa hesabu, maganda yanarudi kwa hesabu. Basi watu 12 tumepiga magoti juani saa nzima tunapekua nyasi, afande anatoka povu, kumbe ganda liko ndani ya kofia yangu! Wao wakacheka, mimi nikarushwa kichurachura. Nikameza.

Sasa la wiki jana silimezi. Tulikuwa na mchujo, tukawekeana dau la kreti la soda. Jana yake SMG yangu (bunduki ya aina ya AK) nilishaiweka sawa, mita 100 risasi zinakaa pamoja, ukifunika na kiganja hazionekani. Asubuhi nabanwa, namwambia mtani nishikie bunduki nijisaidie mara moja. Narudi, kanikabidhi na tabasamu lake.

Mita 100 naona zinashuka. Nikajilaumu, nikasema leo pumzi siibani vizuri. Kufika mita 300 ndiyo kabisa, nalenga kifua zinaingia kiunoni, nyingine zinachimba vumbi. Nimetoka wa pili kutoka mwisho. Mimi!

Jioni nasafisha ndipo naona kijiti cha mbele cha kulengea kimepandishwa nusu mzunguko. Mzunguko mmoja kamili unahamisha risasi sentimita 20 kwa mita 100, kwa hiyo nusu ni 10, na mita 300 zinakuwa 30. Na hakizunguki chenyewe kile. Lazima ufungue kitako, utoe kikopo cha vifaa vya usafi, uchukue kifunguo, uzungushe, urudishe kila kitu. Yaani mtu kafanya yote hayo mimi niko chooni!

Nimemuuliza, anacheka tu: "Mtani, si ungeikagua?" Mwalimu wa timu naye kasema hivyohivyo, bunduki yako, kagua mwenyewe. Ni kweli sikuikagua, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini wakuu, nikikabidhi silaha kwa mtu ninayelala naye bweni moja, nianze kuikagua kama nimeipokea kwa mwizi? Je, ningepangiwa lindo usiku ule na bunduki hiyohiyo?

Chai yangu chezea. Soksi chezea. Hata msibani kwetu njoo ulale kaburini udai hela, ndiyo utani wetu. Bunduki niliyoiweka sawa kwa jicho langu uiguse kwa sababu ya soda?

Jina langu halimo kwenye orodha ya timu, lake limo. Halafu leo asubuhi kanitumia ujumbe: "Kreti langu Jumamosi, na ziwe za baridi."

Akanywe maji ya bombani.