UE (mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula) imebaki wiki 3 na sipati usingizi kabisa, naombeni ushauri

Mleta mada
Wakuu habari zenu. Nasoma mwaka wa pili, Dar. Napanda kitandani saa 5 usiku, mpaka saa 9 bado nasikiliza feni inavyokwaruza. Boom (hela ya mkopo ya kujikimu) limechelewa, nimekeri somo moja la mwaka jana, yaani nilifeli nalirudia mwaka huu, naogopa kudisko (kuondolewa chuo), na baba anaumwa hafanyi kazi tena. Mwaka wa kwanza nilikuwa napiga msuli (nasoma kwa nguvu) usiku kucha na nikafaulu. Sasa nafanya vilevile, akili haishiki. Jana kwenye tesiti nimesoma swali moja mara nne. Halafu nalia tu, hata nikiwa foleni ya chakula.

Kaka Nesi
Pole sana mdogo wangu. Kahawa unakunywa saa ngapi?

Mleta mada
Kikombe saa 2 usiku, kingine saa 4.

Kaka Nesi
Basi hapo pana shida. Kafeini huchukua kama saa 5 au 6 kupungua nusu tu. Ile ya saa 2, ikifika saa 8 usiku nusu yake bado inazunguka mwilini. Mwisho iwe mchana. Zikipita kama dakika 20 hujasinzia, usigaragare, toka ukakae koridoni bila simu, urudi macho yakiwa mazito. Na asubuhi amka saa ileile, hata kama umelala saa 9. Unachosoma leo, ubongo unakihifadhi ukiwa umelala.

Mzee wa Korido
Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa korona nilikuwa mwaka wa tatu. Tulirudi Juni, vipindi vimebanwa, mimi nikang'ang'ania kukesha kama zamani. Nilichemka vibaya. Kilichonitoa ni kuhamishia msuli alfajiri, saa 11 hadi saa 1, chumba kizima kimelala. Mdogo wangu, ratiba ya mwaka wa kwanza ilikuwa ya mtu asiye na mzigo ulio nao leo. Iache.

Mama Wawili
Mwanangu, hicho kilio usikipuuze. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, mweleze na habari ya baba na boom. Na likikujia wazo la kujidhuru usisubiri kuche, mwamshe mwenzako chumbani akupeleke hospitali.

Mleta mada
Asanteni sana. Mama, wazo hilo sina, ila nimemwambia mwenzangu wa kitanda cha juu hali yangu. Jana sikugusa kahawa, nikalala saa 6 na nusu. Kesho saa 4 asubuhi naenda kwa mshauri, huyo mwenzangu ananisindikiza.